Jino Linalouma Sana: Mambo ya Kumwambia Daktari Kabla ya Sindano ya Ganzi

Mkazi anayefika kliniki ya meno baada ya kukesha usiku mbili kwa maumivu huwa na hofu moja iliyo kubwa kuliko zote: kwamba sindano ya ganzi haitashika, na daktari ataanza kutoboa jino huku yeye akihisi kila kitu. Hofu hiyo ina msingi. Jino lililowaka ndani ni gumu kulitia ganzi kuliko jino lingine lolote, na madaktari wa meno kote duniani wanalijua hilo.

Hata hivyo, maumivu ya kwenye kiti yanaweza kukisiwa kabla matibabu hayajaanza. Dalili nyingi za kukisia haziko kwenye picha ya eksirei. Anazo mgonjwa mwenyewe: jinsi jino linavyouma, lilianza lini, amemeza dawa gani, na sindano ya mwisho ilimfanyaje. Daktari anayepewa habari hizo mapema hupanga ganzi ya kutosha tangu mwanzo. Asiyepewa huja kugundua mgonjwa anaporuka kitini.

Jambo hili linawagusa wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini Kenya alikuwa na meno yaliyooza. Wengi husubiri hadi jino liwazuie kulala ndipo waende hospitali, na huo ndio wakati ambapo kulitibu ni kugumu zaidi.

MATIBABU YA MZIZI WA JINO NI NINI

Ndani ya kila jino kuna nafasi ndogo yenye kiini laini chenye mishipa ya damu na neva. Kiini hicho hushuka hadi kwenye ncha za mizizi. Uozo unapotoboa sehemu ngumu ya jino na kukikaribia, kiini huvimba. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, kwa hiyo uvimbe hukosa pa kwenda na maumivu huwa makali.

Mwanzoni kiini kinaweza kupona iwapo uozo utaondolewa na jino kuzibwa. Kikivuka kiwango fulani hakiponi tena. Hapo njia ni mbili: kung'oa jino, au kutibu mzizi wake. Katika kutibu mzizi, daktari hutoboa jino kutoka juu, huondoa kiini kilichoharibika, husafisha mifereji ya mizizi, kisha huiziba. Jino hubaki kinywani na huendelea kutafuna.

Siku ya dharura kazi hiyo si lazima iishe yote. Mara nyingi daktari hufungua jino, huondoa kiini chote au sehemu yake ya juu, na kuweka dawa na kizibo cha muda. Hatua hiyo peke yake huwapa wagonjwa wengi nafuu kubwa. Kazi ya kumalizia hufanywa siku nyingine.

KWA NINI GANZI HUKATAA

Meno ya juu hukaa kwenye mfupa mwembamba wenye vitundu vidogo. Dawa ya ganzi ikidungwa kando ya jino hupenya na kufika kwenye mzizi. Magego ya chini yamezungukwa na mfupa mnene ambao dawa haipenyi kwa urahisi. Kwa hiyo daktari hudunga sindano nyuma kabisa ya taya, mahali neva kubwa inapoingia mfupani, ili kuzima upande mzima.

Sindano hiyo ikifanyiwa jino lisilouma, kwa kawaida hutosha. Jino likiwa limewaka, hali hubadilika. Katika tafiti nyingi zilizofanyiwa wagonjwa wenye magego ya chini yenye kiini kilichovimba, sindano hiyo peke yake ilishindwa kuzima maumivu kabisa kwa karibu nusu ya wagonjwa, na katika baadhi ya tafiti kwa zaidi ya nusu.

Sababu hutajwa kadhaa. Kwanza, sehemu yenye uvimbe huwa na asidi zaidi kuliko mwili wa kawaida, na asidi hupunguza kiasi cha dawa kinachoweza kupenya ndani ya neva. Pili, neva zinazotoka kwenye kiini kilichovimba huwa zimechokozwa na huamka kwa kitu kidogo sana, na baadhi ya vijilango vinavyopitisha ujumbe wa maumivu kwenye neva hizo havizibwi kwa urahisi na dawa za kawaida. Tatu, kwa watu wengine magego ya chini hupata vijineva vya ziada kutoka njia nyingine ambayo sindano ya nyuma haikuifikia. Nne, mtu aliyeumwa kwa siku nyingi huwa na ubongo uliozoea kupokea maumivu, hivyo hata mguso mdogo huhisiwa kama kisu.

Hakuna kati ya sababu hizi inayotokana na udhaifu au woga wa mgonjwa. Anayesema anahisi maumivu huwa anayahisi kweli.

Kuna jambo lingine ambalo wagonjwa wengi hawalijui. Mdomo wa chini kufa ganzi hakumaanishi jino limekufa ganzi. Mdomo ukiwa mzito ni ishara kwamba dawa imefika mahali pake, lakini kiini cha jino kinaweza kuwa bado kinahisi. Isitoshe, ganzi ya kiini huchelewa kuliko ya mdomo, na mara nyingi huhitaji dakika 10 hadi 15. Mgonjwa anayeachwa akae kwanza baada ya sindano hajasahauliwa. Dawa bado inafanya kazi.

DALILI ZINAZOONYESHA KWAMBA GANZI ITAKUWA NGUMU

Hakuna dalili moja inayotosha. Zikikutana mbili au tatu, daktari ana sababu ya kutarajia kwamba sindano moja haitatosha.

Jino ni gego la chini. Hili ndilo jino linalosumbua zaidi kutia ganzi likiwa limewaka.

Maumivu ni makali kabla ya matibabu. Mtu anayefika akiwa ameumwa sana yuko katika uwezekano mkubwa zaidi wa kuumia wakati wa matibabu kuliko aliyefika na maumivu madogo. Ndiyo sababu daktari au muuguzi huuliza: kutoka 0 hadi 10, linauma kiasi gani? Jibu la kweli husaidia. Kujikaza na kusema 3 wakati ni 9 humpotosha anayetibu.

Baridi au moto huacha maumivu yanayodumu. Maji baridi yakigusa jino na maumivu yakaisha papo hapo, kiini huenda bado kina nafasi ya kupona. Maumivu yakiendelea baada ya maji kumezwa, au chai ya moto ikiamsha kipigo kinachodunda kama moyo, kiini kimewaka.

Maji baridi yanatuliza. Huyu ndiye mgonjwa anayeonekana kwenye benchi akiwa na chupa ya maji, akipiga funda kila dakika chache. Maji yakiacha kuwa baridi mdomoni, maumivu hurudi. Ni dalili ya kiini kilichowaka sana, na ni habari muhimu kwa daktari.

Maumivu huja yenyewe usiku. Jino linalomwamsha mtu bila kuguswa na chochote liko katika hatua ya mbali.

Kugonga au kutafuna kunauma. Hii huonyesha kwamba uvimbe umefika kwenye tishu zinazoshika mzizi.

Ganzi iliwahi kukataa siku za nyuma. Mgonjwa aliyewahi kudungwa sindano mbili au tatu bila ganzi kushika ana uwezekano mkubwa wa kukutana na hali hiyo tena. Ni mojawapo ya habari zenye thamani kubwa, na haiandikwi kwenye jino; mgonjwa ndiye anayeijua.

Hofu ni kubwa. Wasiwasi hupunguza uwezo wa mwili kuvumilia na hufanya mguso wa kawaida uhisiwe kama maumivu. Kumwambia daktari "ninaogopa sindano" si aibu. Ni sehemu ya historia ya mgonjwa kama ilivyo shinikizo la damu.

DAKTARI HUFANYA NINI AKIJUA MAPEMA

Kwanza, huipa ganzi muda na kuipima. Njia ya kawaida ni kugusisha jino kitu baridi sana kabla ya kutoboa. Kama mgonjwa bado anahisi baridi, kiini hakijalala na sindano nyingine inahitajika. Kipimo hiki hakikosi makosa, kwani wapo wasiohisi baridi lakini wakaumia kiini kinapofunguliwa. Hata hivyo kinasaidia sana kuliko kutegemea mdomo mzito.

Pili, huongeza sindano mahali tofauti. Kurudia sindano ileile mahali palepale, wakati mdomo tayari umekufa ganzi, mara nyingi hakusaidii sana. Daktari anaweza kudunga dawa upande wa shavu kando ya jino lenyewe, hasa kwa dawa iitwayo artikeini ambayo hupenya mfupa vizuri zaidi kuliko lidokeini ya kawaida. Anaweza pia kupitisha sindano nyembamba katikati ya jino na fizi, au pale penye vifaa, kuingiza dawa ndani ya mfupa ulio karibu na mzizi. Njia ya mwisho ni kudunga moja kwa moja ndani ya kiini kilichofunguliwa. Hiyo huuma kwa muda mfupi, lakini ganzi yake hushika mara moja.

Tatu, hukubaliana na mgonjwa kuhusu ishara. Mgonjwa mwenye mashine mdomoni hawezi kusema. Kuinua mkono wa kushoto kunatosha kumaanisha "simama". Mgonjwa anayejua kwamba kazi itasimama akiomba huwa na utulivu zaidi, na utulivu huo hupunguza maumivu.

Nne, daktari anaweza kuamua kufanya kidogo siku hiyo. Kuondoa sehemu ya juu tu ya kiini huchukua muda mfupi na mara nyingi hutosha kumpa mgonjwa usingizi.

Baadhi ya wagonjwa husema, "Ng'oa tu, yaishe." Uamuzi ni wao, na yapo meno yasiyoweza kuokolewa. Lakini kung'oa hakumwepushi mtu na sindano. Gego la chini lililowaka hutiwa ganzi kwa sindano ileile likitibiwa mzizi au liking'olewa.

DAWA ZA MAUMIVU KABLA YA KWENDA

Tafiti zimeonyesha kwamba dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni, zikimezwa takriban saa moja kabla ya sindano, huongeza uwezekano wa ganzi kushika kwenye jino lililowaka. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, kipimo kinachotumika mara nyingi ni miligramu 400. Ikimezwa pamoja na parasetamoli miligramu 1000, hutuliza maumivu ya jino vizuri kuliko mojawapo ikiwa peke yake.

Dawa hizi zina mipaka. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze ibuprofeni bila ushauri. Vivyo hivyo mtu mwenye pumu ambayo huchochewa na dawa za aina hiyo. Mama mjamzito aulize kwanza, na hasa kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito ibuprofeni huepukwa. Watoto hupewa dozi kulingana na uzani wao na wasipewe aspirini. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, akikumbuka kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Ibuprofeni inayonunuliwa bila cheti cha daktari isizidi miligramu 1200 kwa saa 24.

Chochote kilichomezwa, mgonjwa akitaje pamoja na saa aliyokimeza. Dawa ya maumivu inaweza kulituliza jino kiasi kwamba likipimwa kwa baridi au kwa kugongwa linaonekana zima, na daktari akashindwa kujua ni jino lipi lenye shida.

Ni vyema pia kula kabla ya kwenda, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo. Mtu mwenye njaa na hofu huzimia kwa urahisi anapoona sindano. Aliyetafuna miraa siku hiyo aseme, kwa sababu miraa hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na dawa nyingi za ganzi huchanganywa na adrenalini ambayo nayo huongeza mapigo.

ANTIBIOTIKI SI DAWA YA MAUMIVU YA JINO

Wakazi wengi hupitia duka la dawa kwanza na kununua amoksilini wakitarajia maumivu yaishe. Kwa jino ambalo kiini chake kimewaka na hakuna uvimbe wa uso wala homa, antibiotiki haisaidii. Katika jaribio moja la wagonjwa 40 lililochapishwa mwaka 2000, waliopewa penisilini hawakupata nafuu zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwongozo wa chama cha madaktari wa meno wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri kutotumia antibiotiki kwa hali hii pale ambapo jino lenyewe linaweza kutibiwa.

Hasara si pesa tu. Siku tano za kumeza vidonge ni siku tano ambazo kiini kinazidi kuharibika, na matumizi ya ovyo huzifanya bakteria ziwe sugu.

Tahadhari nyingine ni ya jino lililouma sana kisha likanyamaza ghafla. Wengi hudhani limepona. Mara nyingi kiini kimekufa, na bakteria sasa zinaelekea kwenye mfupa. Ukimya huo ndio wakati wa kwenda kliniki, kabla usaha haujajikusanya.

Kubandika aspirini kwenye fizi, au kumwagia jino petroli au asidi ya betri, huunguza kinywa bila kutibu chochote. Mafuta ya karafuu yanaweza kutuliza kidogo kwa muda, lakini yakimwagwa mengi nayo huunguza fizi.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Zipo hali zisizosubiri miadi ya kliniki ya meno. Mgonjwa apelekwe idara ya dharura, usiku au mchana, akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

• uvimbe chini ya taya au shingoni unaoongezeka haraka
• shida ya kumeza, kupumua au kuongea
• ulimi uliosukumwa juu, au mate yanayotiririka kwa kushindwa kumezwa
• mdomo usiofunguka
• uvimbe unaofunga jicho
• homa kali pamoja na uvimbe wa uso

Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Hapo antibiotiki na upasuaji wa kutoa usaha ni vya kuokoa maisha.

BAADA YA KUTOKA KITINI

Ganzi ya taya la chini inaweza kudumu saa kadhaa. Mgonjwa asitafune hadi iishe, asije akajiuma ulimi au mdomo. Wazazi wawaangalie watoto, ambao hupenda kutafuna mdomo usiohisi.

Jino kuuma kidogo linapoguswa kwa siku mbili au tatu ni kawaida, na dawa za maumivu zilizotajwa hutosha kwa wengi. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au uvimbe ukitokea, mgonjwa arudi mapema.

La muhimu zaidi ni kurudi kumalizia. Maumivu yakiisha, wengi hawarudi tena. Kizibo cha muda hakikuwekwa kikae miezi. Kikivuja, bakteria huingia upya na jino hilo huenda likang'olewa baada ya gharama yote ya mwanzo. Kabla ya kuanza, mgonjwa aulize matibabu yote yatahitaji ziara ngapi, yatagharimu kiasi gani, na kama Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, italipia sehemu yoyote.

MAMBO SABA YA KUMWAMBIA DAKTARI KABLA YA SINDANO

1. Jino linauma kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, na lilianza lini.
2. Kama maji baridi au chai ya moto huacha maumivu yanayodumu, au kama baridi inatuliza.
3. Kama linakuamsha usiku au linauma ukitafuna.
4. Dawa zote ulizomeza, na saa uliyozimeza.
5. Kama ganzi iliwahi kukataa, na ilikuwa jino gani.
6. Magonjwa uliyo nayo, hasa ya moyo, shinikizo la damu, kisukari, figo na pumu, mzio wowote, na ujauzito.
7. Kama unaogopa.

Anayeshindwa kuongea kwa maumivu anaweza kuandika majibu haya kwenye karatasi au kuja na mtu wa kumsemea. Daktari naye aulizwe swali moja: "Ganzi isiposhika, utafanya nini?" Mtoa huduma aliyesajiliwa atakuwa na jibu. Anayeng'oa meno sokoni au nyumbani kwa koleo hana jibu hilo, wala hana dawa ya kulitimiza.

Njia nyepesi kuliko zote bado ni kufika mapema. Jino linalosisimka kidogo kwa maji baridi huzibwa kwa ziara moja, na ganzi yake kwa kawaida hushika kwa sindano ya kwanza.